Mvua ya Mawe Ganako

Inspekta Aneth Tluway alikuwa Babati kwa dada yake, likizo imebaki siku mbili, mkuu wake wa kituo alipompigia simu kumwambia kwamba pua zimepotea.

"Zote?" Aneth aliuliza.

"Za yule mama wa Endulen. Kesi ni kesho saa tatu asubuhi. Rudi."

Mgeni angesikia mazungumzo hayo angewaombea dua wote wawili. Lakini Karatu habari za pua zilijulikana hadi sokoni. Pua ya ng'ombe ina mistari na vinundu visivyofanana na vya ng'ombe mwingine yeyote, kama ilivyo alama ya kidole cha mtu. Kwa miaka mitatu mradi uliojiita Daftari la Mifugo la Nyanda ulikuwa ukizunguka kutoka Karatu hadi Loliondo, ukipiga pua picha na kuziandika kwa jina la mwenye mali. Chapa ya moto inaweza kuchomwa juu ya chapa nyingine, na hereni ya sikio hung'olewa kwa koleo, lakini mwizi wa kubadilisha pua bado hajazaliwa.

Wiki tatu zilizopita ng'ombe thelathini na mmoja walikamatwa mnadani, mikononi mwa mfanyabiashara aitwaye Inosenti. Nashilu, mjane wa Endulen, alisema ni wake na waliibwa machungani mwezi wa pili. Inosenti alisema ni wake, akatoa picha za pua zao zilizosajiliwa kwa jina lake mwezi wa tatu. Nashilu akasema za kwake zilipigwa mwaka jana. Hakimu akaagiza picha za pande zote mbili ziletwe, kwa kuwa mwenye picha ya zamani zaidi ya pua ileile ndiye mwenye ng'ombe. Kesi ya kuamuliwa hata na mtoto wa darasa la pili. Basi Alhamisi asubuhi picha za Nashilu zikafutika. Kesho, bila picha hizo, ng'ombe wangerudi kwa Inosenti na Nashilu angerudi Endulen na fimbo yake mkononi.

Aneth alifika Karatu saa nane mchana, vumbi la njia nzima likiwa begani. Alipita kwanza nyuma ya kituo, kwenye zizi la muda lililojengwa kwa mabati na miti. Nashilu alikuwa amekaa chini kando ya lango, shuka mbili za buluu zimefungwa begani, macho ndani ya zizi.

"Takwenya, yeyo," Aneth alimsalimia kwa Kimaasai.

"Iko." Mama yule alimpima kuanzia viatu mpaka kichwa. "Wewe ndio mkubwa yao?"

"Mmoja wao."

"Hawa mnawapa maji ya bomba. Hawataki hiyo dawa yake. Ambia kijana yako achote maji ya mto."

"Nitamwambia."

"Na kesho?"

"Kesho bado, yeyo. Mchana wote huu ni wetu."

Ndani, Konstebo Julius alikuwa amekwisha kupanga jalada mezani kwa unadhifu wa mtu anayeamini kazi imekwisha. Mtuhumiwa alikuwa Lukresia Awe, miaka thelathini na minne, msimamizi wa seva za mradi. Alikuwa mahabusu tangu Ijumaa. Kando ya meza, kompyuta imefunguliwa mbele yake, alikaa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi.

"Huyu ni Fredrick," Julius alisema. "Msaidizi wa Lukresia. Mradi umetuazima atueleze hayo mambo ya mitambo. Bila yeye tungekuwa gizani, afande."

"Shikamoo, afande," Fredrick alisema, akisimama.

"Marahaba. Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Fredrick alieleza vizuri. Picha hazikuwa kwenye kompyuta moja. Zilikuwa kwenye seva tatu, moja ofisini Karatu, moja Ganako kwenye chumba cha ghala, moja Loliondo, na kila picha ilikaa kwenye zote tatu. Seva moja ikiungua, mbili zingekuwa na kila kitu, na mpya ikiletwa wenzake wangeijaza wenyewe.

"Na zote tatu zimepoteza kundi la Endulen," Aneth alisema.

"Ndiyo. Kwa dakika nne."

"Mtu alifika Karatu, Ganako na Loliondo kwa dakika nne?"

"Hakuna anayefika, afande. Dada Lukresia alitukataza kugusa seva kwa mkono. Kuna faili moja la maagizo. Ndani yake huandiki seva zifanye nini, unaandika ziwe vipi. Nafasi kiasi gani, nani aruhusiwe kuingia, picha zitunzwe muda gani. Halafu kuna chombo kinachopita kila nusu saa. Kinasoma faili, kinaitazama seva moja moja. Ikifanana na faili kinaiacha. Isipofanana kinairekebisha mpaka ifanane. Unaweza kukipitisha mara mia, kama hakuna tofauti hakigusi kitu."

"Kwa hiyo mtu mmoja anaendesha seva za sehemu tatu kwa kuandika mstari mmoja."

"Anaweza kuendesha hata mia tatu."

Aneth aliomba kuliona faili hilo. Hakuelewa alama zote, lakini alielewa utaratibu alipouona. Kila sehemu ilikuwa na kichwa chake, na chini ya kila kichwa kulikuwa na maelezo kwa Kiswahili safi: kwa nini seva ya Loliondo inarekebishwa kwanza, kwa nini diski ya Ganako isijazwe kupita robo tatu, nini cha kufanya panya wakikata waya. Amewahi kusoma majalada ya mauaji yaliyoandikwa ovyo kuliko maagizo haya ya panya.

"Kaandika nani?"

"Yeye. Miaka mitatu. Mimi kila ninachokijua nimejifunza kwake," Fredrick alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli.

Kisha alionyesha mstari wenyewe. *Kundi la Endulen, muda wa kutunza: miaka kumi.* Alhamisi saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, miaka kumi ilibadilishwa ikawa siku sifuri. Chombo kilipita, kikasoma, kikatii. Badiliko lilikuwa limeingizwa kwa akaunti ya Lukresia, na chini yake paliandikwa:

*Loliondo jua. Karatu mawingu. Ganako mvua ya mawe, imekatika. Napunguza muda wa kutunza, kundi la Endulen.*

"Habari za mvua zinaingiaje hapa?"

"Sheria yake, afande. Seva zinatumia umeme wa jua. Ukizisumbua betri ikiwa chini, diski inaharibika. Chombo kinakataa badiliko lolote lisiloandikwa hali ya hewa ya sehemu zote tatu. Ndiyo alama yake hiyo."

"Wewe Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Endabash, kusajili mifugo. Tangu saa moja asubuhi mpaka jioni."

"Na yeye?"

"Anasema alikuwa njiani kutoka Loliondo. Sasa nani alimwona?" Fredrick aliinamisha macho. "Inaniuma kusema."

Julius alikuwa na la kuongeza, na alilihifadhi kama nyama ya mwisho sahanini. Aliweka mezani orodha ya simu za Lukresia. Kila Jumapili, saa kumi kasoro dakika kumi jioni, kwa miaka miwili bila kukosa, alipiga namba moja iliyoko Dongobesh. Namba ilisajiliwa kwa jina la mwanamke asiyejulikana mradini. Na tangu Ijumaa alikuwa akiomba simu, akiulizwa ya kumpigia nani, anakataa kusema.

"Inosenti hununua ng'ombe Dongobesh," Julius alisema. "Huyo ndiye mtu wa katikati. Tena afande, haombi chakula, haombi wakili. Anauliza saa tu, mpaka walinzi wamechoka."

Ilikuwa hoja nzuri. Aneth aliandika *Dongobesh* kwenye kijitabu chake na kupiga mstari chini mara mbili.

Lukresia aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, kanga imefungwa juu ya gauni la safari, nywele zimebanwa kwa kalamu.

"Saa ngapi, afande?" aliuliza kabla ya kukaa.

"Tisa kasoro kumi."

Alifungua mdomo kuendelea. Mlango ukafunguka tena, Fredrick akaingia na kompyuta yake, akavuta kiti cha pembeni kama alivyozoea tangu Ijumaa. Lukresia akafunga mdomo. Aneth aliuliza swali la kwanza, la pili, la tatu. Mwanamke alitazama ukuta.

"Fredrick," Aneth alisema, "hebu kanisubiri ofisini."

"Afande, hutaelewa maneno yake bila—"

"Nitajitahidi."

Mlango ulipofungwa, Aneth alimsogezea Lukresia karatasi yenye lile badiliko. Lukresia aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa kidole.

"Ganako mvua ya mawe? Alhamisi?"

"Ndivyo ulivyoandika."

"Sijaandika mimi. Alhamisi saa nne nilikuwa tambarare za Malambo, hakuna mtandao, hakuna hata mti. Ningejuaje ya Ganako?"

"Ungeweza kubuni."

"Afande, nani anabuni mvua ya mawe?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Anayebuni anaandika jua. Anaandika mawingu. Mvua ya mawe inapiga shamba hili inaliacha la jirani, haitangazwi redioni. Na huyu ameandika *imekatika*. Huyu aliiangalia ikianza na akaiangalia ikiisha."

Aneth aliitazama ile karatasi upya. Alikuwa ameisoma mara nne na hakuona kitu, na sasa aliona aibu, maana yeye mwenyewe alizaliwa shambani. Baba yake asingeweza kuandika barua ya msiba bila kutaja mvua, na hakuwahi kuikosea.

"Nani ana nywila yako?"

"Hakuna niliyempa. Lakini nani ananiona nikiiandika kila siku?" Lukresia alirudi kutazama ukuta. "Nikimtaja mtu mtasema namsingizia. Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa na dakika tano."

Aneth alitoka nje, akamkuta Julius mlangoni.

"Alhamisi asubuhi hapa mjini mvua ilinyesha?"

"Hapana, afande. Mawingu tu."

"Nipe namba ya mtu anayetunza ufunguo wa chumba cha Ganako."

Aliyetunza ufunguo alikuwa Rozalia, mkulima wa maharage ambaye nyumba yake ilitazamana na ghala. Alipokea simu kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

"Mvua ya mawe? Usinikumbushe, mwanangu! Saa tatu na nusu, dakika kumi tu, maharage yangu yote yamelala. Kwa jirani Nikodemu hapo chini hata jani halikudondoka. Nimemwambia mtendaji, hajaja."

"Pole sana, mama. Ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa na Fredrick wa mradi. Alikuja kuangalia betri, mvua ikamkuta uani. Tulijikinga barazani kwangu, tukaokota yale mawe tukajaza sufuria, akayapiga na picha. Yalipokatika akachukua ufunguo akaingia kwenye kazi yake. Kijana mzuri, amenisaidia hata kuinua mabati."

Aneth alimshukuru, akarudi ofisini. Fredrick alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Endabash Alhamisi kulikuwaje?"

"Kulikuwa shwari, afande. Jua."

"Ulisajili ng'ombe wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Mama Rozalia anakusalimia. Anasema asante kwa mabati."

Fredrick alinyoosha mkono akafunga kompyuta.

"Anasema mlijaza sufuria."

Julius, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini polepole.

"Ungeandika jua tu," Aneth alisema. "Jua, jua, jua. Nisingekuuliza lolote, na kesho mchana mwenzako angepelekwa gerezani akasubiri kesi."

"Nisingeweza."

"Kwa nini?"

"Kwenye faili lile hatudanganyi hali ya hewa." Alisema hivyo kama mtu anayetaja amri ya kanisani. "Mwaka wa kwanza niliandika Loliondo jua bila kupiga simu kuuliza. Kumbe kule mvua ilikuwa ikinyesha siku ya tatu mfululizo. Seva ilizimika katikati ya kazi. Dada Lukresia alikwenda kule akalala sakafuni siku nne akiokoa diski. Aliporudi hakunigombeza. Akaongeza ile sheria kwenye chombo, basi. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika hali ya hewa ya uongo."

"Na Alhamisi?"

"Nilimpigia mlinzi wa Loliondo kumwuliza kama jua limetoka. Nikampigia wa hapa Karatu."

"Umefuta mali ya mjane," Aneth alisema, "umemtwika kosa dada yako, na katikati ya hayo ukapiga simu kuuliza hali ya hewa ili seva zisiumie."

"Seva hazina kosa, afande."

Aneth alikasirika hasa. Angekuwa jambazi wa kawaida ingekuwa nafuu. Alimuuliza kwa nini, na jibu lilikuwa fupi. Inosenti alikuwa mjomba wake, aliyemlea tangu darasa la nne. Mwezi wa tatu mjomba alimwita akapige pua za ng'ombe wake wapya, naye akapiga bila kuuliza walikotoka. Usiku huohuo, alipokuwa akizipanga picha, alizitambua.

"Ulizitambuaje?"

"Za Endulen nilizipiga mimi, mwaka jana. Nilizipiga mimi mara zote mbili. Mahakamani zingelala pamoja mezani, na jina langu chini ya kila moja."

Julius alimfunga pingu yule mtaalamu wake bila kumtazama usoni. Aneth alikuwa amekwisha kutoka. Sasa alielewa kwa nini mwanamke yule alinyamaza kila Fredrick alipovuta kiti, na kama alinyamaza kwa sababu hiyo, basi yale maswali ya saa hayakuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Leo ilikuwa Jumapili, na simu ya Dongobesh hupigwa karibu na saa kumi. Alifungua mwenyewe mlango wa mahabusu, Lukresia alikorudishwa.

"Fredrick yuko chini ya ulinzi. Amekiri. Saa kumi kuna nini?"

Lukresia alisimama ghafla. "Saa ngapi?"

"Kasoro dakika kumi na moja."

"Simu, afande. Nakuomba. Kuna seva ya nne."

Alibonyeza namba ya Dongobesh, aliyoijua kwa kichwa. Simu iliita mpaka ikakata. "Ni kwa shangazi yangu," alisema akipiga tena. "Kila Jumapili akitoka jumuiya anaiwasha, saa kumi. Ikiwaka inavuta nakala kutoka Karatu, inajilinganisha na wenzake. Walichofuta wao na yeye anafuta. Diski yake ndogo, haiweki vya zamani." Simu ilikata mara ya pili. Kasoro saba. Kasoro sita. Aneth, ambaye hakuwa mtu wa kuomba kazini, aliomba.

Mara ya tatu ilipokewa.

"Lukresia! Leo umechelewa kunipigia, nikasema huyu ameolewa." Sauti ilijaza chumba. "Ngoja, viatu vina tope, niwashe kwanza mashine yako halafu tuongee—"

"Shangazi, usiiguse!"

"Eeh?"

"Usiiguse! Mkono uko wapi?"

"Mkono uko kwenye swichi, lakini sijabonyeza."

"Toa mkono. Kaa kwenye kiti. Kunywa chai. Usiiguse mpaka nikupigie mimi mwenyewe."

"Mbona unaniamrisha kama askari?" shangazi aliuliza, lakini kiti kilisikika kikivutwa.

Lukresia alikaa kitandani akafuta macho kwa upindo wa kanga. Aneth alimwachia dakika moja, kisha akauliza mbona hilo faili zuri lilitaja seva tatu.

"Faili linajua tatu," Lukresia alisema. "Babu yangu alikuwa na ng'ombe, afande, na wewe ni Mwiraqw, unajua. Hakuwaweka wote zizi moja. Hawa kwa rafiki yake Mbulu, hawa bondeni, hawa kwa shemeji. Ugonjwa ukiingia huku, kule wamebaki. Ndivyo nilivyozipanga seva. Lakini babu alikuwa pia na wawili ambao hata bibi hakujua walipo. Maana anayejua wote walipo ndiye anayeweza kuwamaliza wote. Faili linajua seva zangu zote, na faili linaweza kukosewa, au kutekwa. Nikasema pawe na moja isiyopokea amri ya mtu. Inaruhusiwa kutazama wenzake tu, mara moja kwa wiki."

"Na hukusema tangu Ijumaa."

"Ningesema vipi? Alikuwa amekaa pale. Na hata ulipomtoa, kila nilichosema kingefika kwake mkitaka kukielewa."

Aneth alifungua kijitabu chake. *Dongobesh*, mistari miwili. Hakuichana karatasi hiyo. Aliiacha ili imkumbushe.

Walimhamishia Lukresia kwenye meza ya Aneth. Julius alimletea chai yenye tangawizi na kusimama mbali kidogo, kama mtu anayeomba msamaha kwa kikombe. Aneth alidhani sasa mambo yangekwenda mbio. Badala yake aliona kazi ya fundi. Kwanza Lukresia alikisimamisha chombo kisipite popote. Akabadilisha nywila. Akamfungia Dongobesh mlango upande wa Karatu, ili hata ikiwaka isivute chochote, bali itoe tu nakala zake. Akaandika *miaka kumi* pale palipoandikwa siku sifuri. Halafu akapiga simu Loliondo, Ganako na Dongobesh kuuliza hali ya hewa, na kwa ya Karatu akaenda dirishani mwenyewe.

"Unayaona, si mawingu?" Julius alithubutu.

"Nimeyaona. Sasa naandika."

Alikipitisha chombo kwenye seva ya Karatu peke yake kwa majaribio, kionyeshe kingefanya nini bila kufanya. Alisoma majibu mstari kwa mstari. Alikuta kosa dogo, akalirekebisha, akajaribu tena. Ndipo alipompigia shangazi. "Sasa washa." Na baada ya dakika kadhaa, kwa mtandao wa simu unaokwenda kwa kujikokota kutoka vilima vya Mbulu, picha ya kwanza ikaingia Karatu, na seva ya Karatu ikaanza kuwagawia Ganako na Loliondo bila kuambiwa na mtu. Aneth amefanya kazi na watu wenye bastola na watu wenye madaraka. Hakumbuki kama amewahi kuona nguvu nyingi hivyo mikononi mwa mtu mwenye subira hivyo.

Saa kumi na moja na nusu alimwita Nashilu ndani. Kesho hakimu angetaka kujua kama mama huyu anawajua ng'ombe wake, na Aneth alipenda kujua kabla ya hakimu. Alibandika karatasi chini ya skrini kufunika majina. Pembeni, Julius alishika picha za pua za ng'ombe waliomo zizini, zilizopigwa siku ya kukamatwa.

Pua nyeusi, yenye unyevu, ilijaza skrini.

"Narok," Nashilu alisema.

Aneth aliinua karatasi. *Narok, jike, Endulen*, tarehe ya mwaka jana. Kompyuta ililinganisha pua hiyo na picha za Julius, ikaisimamisha kwenye namba kumi na saba. Picha ya Inosenti ya pua ileile ilikuwa changa kwa miezi kumi na moja.

"Huyu Naibor. Huyu mtoto yake. Huyu alininyima maziwa mwaka mzima, mbaya sana huyu." Mama hakukosea hata mmoja. Alitaja kwa majina, kwa tabia, kwa mama zao. Mara mbili alitaja jina kabla picha haijafunguka yote. Lukresia aliacha kutazama mistari yake akawa anamtazama yeye, na ukiwaona wawili hao ungejua ni watu wa kazi moja.

Julius aliweka alama ya mwisho. "Thelathini na moja. Wote wamepatikana, afande. Kesi imekwisha."

"Bado," Lukresia alisema. "Kundi lina thelathini na mbili. Moja inaingia."

Aneth alivuta jalada. Maelezo ya Nashilu yalitaja idadi thelathini na moja.

"Nani aliandika idadi hii?"

"Mimi," Julius alisema. "Ndio waliokamatwa. Mama mwenyewe alikataa kutaja."

"Sisi hatuhesabu ng'ombe kwa mdomo," Nashilu alisema. "Nilisema ng'ombe zangu. Kijana akaandika yake."

Picha ya thelathini na mbili ilishuka polepole, ukanda kwa ukanda. Pua nyekundu, yenye kovu dogo upande wa kushoto. Nashilu alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Aneth hakuhitaji kuinua karatasi, lakini aliinua, kwa sababu ndio utaratibu. *Nanyokie, jike, Endulen.*

Julius alipitia picha zake zote, akazipitia tena kuanzia mwisho. Kompyuta nayo ilitafuta, haikumpata.

"Wiki tatu namwita pale kwenye lango," Nashilu alisema. "Nikadhani amejificha nyuma ya wengine. Yuko wapi?"

Lukresia aliinamia meza.

"Alikuwa na mimba," Nashilu alisema.

Aneth alichukua kofia yake juu ya jalada na kumwambia Julius awashe gari, waende nyumbani kwa Inosenti.